Banjo Iliyorudi Peke Yake

Zabroni aliingia kibandani kwangu Jumatatu asubuhi akiwa amekumbatia gunia la unga, na ndani ya gunia mlikuwa na banjo. Kibanda changu kiko nyuma ya soko la Rumonge, upande wa wauza mawese, kwa hiyo kila ninachotengeneza hurudi kwa mwenyewe kikinuka mawese kidogo. Watu wamezoea.

"Amahoro, fundi."

"Amahoro, muzee Zabroni. Umeniletea mukeke leo?"

"Ingekuwa samaki ningepeleka kwa mutu anajua kupika." Akacheka, lakini kicheko kilikatika upesi. Akaliweka gunia juu ya meza polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Zabroni ni mvuvi wa Minago. Ana mtumbwi wake na vijana wanne anaovua nao dagaa, nami humtengenezea taa zao za sola. Sikuwahi kumjua kama mtu wa muziki.

"Iko ya kwaya yetu," alisema. "Jumapili ya Matawi tutaitoa mbele ya Bwana. Hyacinthe ndiye atapiga. Shida ni kwamba inadanganya. Nyuzi zikiwa wazi iko sawa, ukibana huku juu inasema kitu kingine. Hyacinthe ameshindwa."

"Umeipata wapi?"

"Kwa Mukongomani mmoja, pale pwani. Niliinunua." Alisema hayo akitazama redio niliyokuwa nimeifungua, si mimi. "Itakuwa tayari?"

"Jumamosi."

"Murakoze, fundi. Ilie vizuri. Sitaki itolewe sadaka ikiwa mbovu."

Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Nilipokuwa mkimbizi Tanzania nilianza kwa kufungua redio zilizokufa, nikiandika kwenye daftari kila kitu kilikaa wapi, kisha nikirudisha. Baada ya redio zikaja gitaa, baada ya gitaa banjo, maana Wakongomani wa pwani hii huzitengeneza wenyewe na huzipiga mpaka zinapasuka. Daftari lilinifundisha jambo moja: banjo inayodanganya usiikimbilie nyuzi. Anza na shingo, uone kama imepinda. Ukimaliza shingo nenda kwenye ngozi. Baada ya ngozi, daraja, yaani kile kijiti chenye miguu kinachosimama juu ya ngozi na kubeba nyuzi. Nyuzi ni za mwisho.

Jumanne asubuhi niliitoa guniani. Shingo ya mti wa muvula ilikuwa imenyooka. Mdomo wa sufuria ya alumini uliotumika kama duara haukuwa na ufa. Kulabu za kukazia ngozi zilikuwa nane, za spoku za baiskeli, zote zina kutu. Ngozi ya mbuzi ilikuwa na mawimbi, ngumu, kama ngozi iliyolowa kabisa na kukauka bila mtu wa kuishika. Nilizihesabu kulabu mara ya pili, ingawa nane huonekana kwa jicho. Nadhani nilikuwa najichelewesha.

Nililowesha kitambaa nikapangusa uchafu katikati ya ngozi. Zikaonekana alama mbili ndogo za penseli, mahali pa miguu ya daraja. Wino hufutika majini, penseli haiogopi maji. Mguu mmoja ulikuwa nyuma ya mwingine kwa unene wa punje mbili za mchele. Nikaigeuza banjo, ambayo nyuma haina kifuniko, nikachungulia kwenye ubao wa ndani. Mwandiko ulikuwa wangu: *M. 29/1. Ngozi mpya. Arudi 12/2.*

M. alikuwa Mardochée.

Alitoka Fizi, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, akakimbilia huku na mkewe Mwavita na binti yao Schékinah miaka minne iliyopita. Siku za kazi alibeba magunia ya muhogo, siku za harusi alipiga banjo. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto kiliwahi kupondwa na kamba ya boti, hakikukunjika tena. Kwa hiyo alibana nyuzi kwa vidole viwili vya kati, na alizibana kwa nguvu sana, kama mtu anayemzuia mbuzi asitoroke.

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Uzi ukiubana unauvuta, na ukiuvuta sauti inapanda. Fundi hulirudisha daraja nyuma kidogo ili uzi uwe mrefu zaidi, kuvutwa na urefu vifutane. Kurudisha kiasi gani, hilo hutegemea mkono. Mkono wa Mardochée ulitaka kingi, hasa kwa nyuzi mbili nene. Tulikaa naye mchana mzima, yeye akibana, mimi nikisukuma daraja kwa ncha ya kisu, mpaka sauti ya chuma cha kumi na mbili, kati ya vile vyuma vidogo vinavyokata shingo, ikapatana na ile ya uzi ulioguswa tu bila kubanwa. Zilipopatana alifumba macho akasema, "Sasa inasema kweli." Lakini ilisema kweli mkononi mwake tu. Mtu mwenye mkono mwepesi, kama Hyacinthe, angeiona inadanganya.

Na nilimwambia neno jingine siku ile. Ngozi mpya hulegea, inabidi ikazwe tena. Nikamwambia, "Wiki mbili, usipitishe hata siku. Ukipitisha, ngozi imekufa, mimi sitaweza kitu." Haikuwa kweli hasa. Hata mwezi ukipita ngozi hukazwa. Nilisema vile kwa sababu wateja hawarudi mpaka uwatishe.

Alivuka kwenda mji wa Baraka kupiga harusi ya binamu yake. Tarehe kumi na moja Februari alimpigia mkewe simu: kesho anapanda boti ndogo, fundi anamngoja. Tangu hapo simu yake ilizima. Siku ile ziwa lilikuwa na upepo mbaya. Hakuna aliyejua ni boti ya nani, au kama alipanda kweli. Baada ya wiki mbili maneno yakaanza: yuko Misisi anachimba dhahabu, ameoa huko. Darius, kaka mkubwa wa Mardochée, alimkataza Mwavita kulia. Kwao, kumlilia mtu ambaye hajaonekana amekufa ni kumwitia kifo. Asikae matanga, asinyoe nywele, asivae kitambaa cha msiba. Basi Mwavita alikuwa si mjane, wala si mke. Kila Jumamosi akitoka sokoni alipita kwangu.

"Baba Kezia, hajapita?"

"Hajapita, mama Schékinah."

"Akikuja atapita kwako mbele. Kwangu atakuja nyuma. Minamujua."

Wiki sita alinijia hivyo.

Ile Jumanne nilikaa na banjo mapajani mpaka jua likafika mlangoni. Mtu anaweza kuuza banjo yake. Mtu anaweza kuibiwa. Sikutaka kumhukumu Zabroni kwa penseli. Nikaangalia mkanda. Mardochée alisuka mkanda wake mwenyewe kwa uzi wa nyavu, nyuzi nne, akafunga fundo shingoni mwa banjo na fundo mkiani. Alikuwa na desturi moja ambayo watu walimchekea: kabla ya kupanda boti aliuvaa mgongoni, na hakuuvua mpaka akanyage mchanga, ili banjo isikae kwenye maji yanayoingia botini. Wakimcheka aliwaambia, "Boti ikizama, minataka tuzame na mwenzangu."

Mafundo yote mawili yalikuwepo. Kati yake hapakuwa na mkanda; shingoni ulikatwa palepale juu ya fundo. Upande wa mkiani kilibaki kipande cha urefu wa kidole, na ncha yake ilikuwa laini. Kamba iliyochakaa hukatika ikiacha nywele. Hii ilikatwa kwa kisu, tena kisu kikali, kwa mara moja. Anayeuza banjo haukati mkanda, huuvua. Na mwizi huvua vilevile.

Nilifungua kulabu, nikailowesha ngozi kwa maji ya mvua, nikaivuta upya juu ya duara, nikakaza kulabu nusu nusu, moja na ile inayoielekea, nikaiacha kivulini ikauke siku tatu. Siku hiyohiyo nikatuma mtu wa pikipiki kumwita Zabroni.

Alikuja Jumatano akiwa na furaha ya kulazimisha.

"Fundi, umeshindwa? Nilijua. Hiki kichwa chako kinazaa mvi tu."

"Kaa, muzee."

Akakaa juu ya dumu la mawese. Nikamwonyesha maandishi ya ndani. Nikamwonyesha kile kipande cha kamba. Sikumuuliza kitu. Nimegundua kwamba mtu ukimuuliza hujibu swali, usipomuuliza husema lililomkaa.

Nje mama mmoja alikuwa akigombana na mchukuzi kuhusu dumu lililopasuka.

"Kulikuwa kunapambazuka," alisema. "Tunarudi. Msimu wa kuvua ulikuwa umefunguliwa siku mbili tu. Kijana wa mbele akasema, kuna mbao. Haikuwa mbao." Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili. "Alilala kifudifudi, banjo mugongoni. Ndiyo ilimushika juu ya maji. Nilishika ule mukanda nikavuta. Vijana wakasema, muzee, hapana. Unajua mambo ya pwani, fundi. Ukileta maiti, mtumbwi unashikwa, nyavu zinashikwa, unaandika maelezo wiki nzima, na vijana wengine hawatapanda tena mtumbwi ule mpaka uoshwe. Wana watoto. Mimi nina watoto. Nikasema, huyu atafika mwenyewe, mawimbi yanaelekea nchi kavu."

"Yalikuwa yanaelekea?"

"Hapana."

Niliweka kile kipande cha kamba juu ya meza.

"Niliona aibu kuacha vyote," alisema. "Nikakata. Nikasema, hiki kimoja kirudi. Nilipokata akazama. Sikujua atazama, fundi. Sikufikiri kwamba ni hiyo ndiyo inamushika." Akapangusa uso kwa kofia. "Nyumbani niliitundika ukutani. Nikashindwa kulala. Mama wa watoto akasema, ipeleke kanisani."

"Ana mke," nilisema. "Mwavita. Hupita hapa kila Jumamosi kuniuliza kama mumewe amerudi. Hawamruhusu hata kulia."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia la kwangu. La kwako utasema wewe."

"La kwako ni lipi?"

Nikamweleza habari ya wiki mbili. Alinitazama kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza siku ile alinitazama machoni.

"Basi tuko wawili," alisema.

"Si hesabu ya kugawana, muzee. Njoo Jumamosi."

Sikuwa na uhakika kwamba angekuja. Jumamosi nilifika mapema, nikagonga ngozi kwa ukucha karibu na kila kulabu. Palipolia chini nilikaza robo ya mzunguko, palipolia juu niliacha. Ngozi ikilia sauti moja kuzunguka duara lote, ndipo daraja litaeleza ukweli. Zabroni aliingia nikiwa kwenye kulabu ya sita. Alivaa shati la kanisani. Akakaa juu ya dumu lilelile. Nilivuta nyuzi mpya, nikazipandisha polepole, nikasimamisha daraja katikati bila kulipima bado. Nilipiga uzi mmoja kusikia kama ngozi inajibu.

Hapo ndipo Mwavita alipotokea mlangoni, kikapu cha ndizi kichwani.

Sikuwa nimepanga hivyo. Nilitaka kumketisha kwanza, kumpa maji. Lakini alikuwa amesikia, na sasa aliona. Kikapu alikishusha kwa haraka mpaka ndizi zikamwagika.

"Amerudi!" Akacheka, akapiga makofi. "Eko wapi? Baba Kezia, eko wapi huyu mutu? Amejificha nyuma?" Akaniacha, akazunguka meza, akafunua pazia la chumba cha nyuma nilikoweka vyuma. "Mardochée, toka! Siko na mchezo na weye! Wiki sita, unaenda kutengeneza banjo mbele ya kuona mutoto wako? Nilisema! Nilibaambia, atapita kwa fundi!"

Nyuma ya pazia kulikuwa na maboksi ya redio. Alibaki ameshika pazia. Kisha akageuka, akamwona Zabroni amesimama, kofia kifuani.

"Huyu ni nani?"

"Dada," alisema Zabroni, "kaa kidogo."

"Sikai. Sema."

Akasema. Alisema kama alivyoniambia mimi, bila kuondoa kitu: kupambazuka, mkanda, vijana, kisu, na kwamba alizama. Mwavita alisimama wima akimsikiliza. Uso wake haukubadilika, ila mkono ulikuwa ukikunja pazia na kulikunjua.

"Alikuwa na viatu?"

"Kimoja."

"Cha kushoto."

"Ndiyo, cha kushoto."

"Kile cha kuume kilikuwa kinamutoka. Nilimuambia akishone." Akaliachia pazia. "Wakati unamuachia, ulisema nini?"

"Sikusema kitu, dada. Niliogopa."

"Hata jina la Mungu?"

"Hata hilo."

Nikajua kwamba zamu yangu imefika. Nikamwambia kwamba mumewe alipanda boti siku ile kwa ajili ya tarehe niliyomwandikia, na kwamba tarehe ile ilikuwa ya kumtisha tu. Ngozi ingeweza kungoja. Nilieleza kwa maneno machache. Sikuomba samahani, maana niliona samahani ingemtaka anijibu, na sikutaka kumtwisha kazi hiyo.

Alinitazama. "Alisema unamungojea," alisema. "Alikuwa na furaha. Alisema, fundi huyu anangojea kweli, hasahau mutu."

Aliinama akaanza kuokota ndizi moja moja, akazirudisha kikapuni, na mimi na Zabroni hatukuthubutu kumsaidia. Alipomaliza alikaa kwenye kigoda changu.

"Malizia," alisema.

"Mama Schékinah, si lazima leo."

"Malizia. Umebakiza nini?"

"Kuweka daraja. Lakini inabidi nijue ni mkono wa nani. Nikiliweka kwa mkono wa Hyacinthe, ataipiga kesho kanisani na itakuwa sawa. Nikiliweka kwenye alama za zamani, hakuna mwingine atakayeweza kuipiga."

"Haiendi kanisani." Hakumtazama Zabroni. "Darius alisema, onyesha mutu, ndiyo tulie. Mutu sina. Nitamupa hii. Weka kwa mukono yake."

Basi nikaliweka. Nilisimamisha mguu wa kwanza kwenye alama ya kwanza na wa pili kwenye ya pili. Ngozi ilikuwa imevutwa upya, alama zilihama kidogo, kwa hiyo ilibidi nihakikishe. Niligusa uzi wa nne juu ya chuma cha kumi na mbili bila kuubana, nikasikiliza. Kisha nikakunja kidole changu cha shahada pembeni, nikabana kwa vidole viwili vya kati, kwa nguvu zote, kama nilivyomwona akibana. Sauti ilikuwa juu kidogo. Nikasukuma daraja nyuma kwa ncha ya kisu. Nikabana tena. Uzi wa tatu. Wa pili. Wa kwanza. Kisha tena wa nne, maana ukigusa mmoja umewagusa wote. Vidole viliniuma. Zabroni alikuwa ameinamisha kichwa. Mara ya tano sauti mbili zikawa moja, hazikutetemeka, nikaziacha zilie mpaka zikaisha zenyewe.

Mwavita ndipo alipolia. Alilia kwa sauti ya watu wanaoruhusiwa, sauti ya kuita majirani, na wauza mawese wakaacha madumu yao wakaja, wakajaza mlango, wakauliza ni nani, wakaambiwa. Mmoja alivua kitambaa chake akamfunga kichwani.

Jumapili ya Matawi kwaya ya Zabroni iliimba bila banjo. Darius alikuja kwangu siku ileile. Aliishika banjo, akaona fundo na kile kipande cha kamba, akakaa chini palepale mlangoni. Jumatatu tuliizika. Tulipanda hadi kilima cha Kizuka, kwa sababu makaburi ya chini, karibu na maji, ziwa limeyafunika tangu lilipopanda. Zabroni na vijana wake wanne walichimba. Hakuna aliyewashukuru wala aliyewafukuza. Kaburi lilikuwa la urefu wa mtu, Mwavita alikataa dogo. Kabla ya kufunika alimwita Zabroni akamwambia, "Sasa sema." Zabroni akapiga magoti kwenye udongo, akasema Baba Yetu mpaka mwisho, na sauti yake ilipokwama alingojewa.

Banjo ilishuka ikiwa imekazwa, nyuzi zote nne zimepatana kwa mkono wa Mardochée. Nilijua kitakachotokea. Udongo una unyevu, ngozi ingelegea kabla ya siku nyingi, daraja lingelala. Sikumwambia mtu.

Siku ya kumi na nne baada ya mazishi, wiki mbili kamili, niliamka, nikanywa chai, nikafunga mlango wa nyumba. Nilikuwa nimeshafika njia panda ya Kizuka nilipoingiza mkono mfukoni nikakuta nimebeba ufunguo mdogo wa kukazia kulabu.